Kabla hujasambaza ile habari ya "dawa inayoponya saratani ya utumbo asilimia 100": tafiti zenyewe zinasema nini

#1 Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Ile picha imerudi tena kwenye magrupu: "Saratani ya utumbo imepata dawa, wagonjwa WOTE wamepona, shea uokoe maisha." Kila baada ya muda inafufuka, watu wanaisambaza bila hata kuifungua. Baadhi ya wadau wamenifuata faragha wakitaka niseme kitu, nikaona bora nifungue uzi kabisa.

Niweke wazi mapema: kazi yangu ni takwimu za majaribio ya kitabibu. Mimi si daktari na simtibu mtu humu. Ila majedwali ya tafiti hizi ndiyo ninayoshinda nayo, na kuna jambo nakutana nalo humo ambalo kwenye magrupu halifiki.

Habari yenyewe ni ya kweli. Juni 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walichapisha matokeo ya wagonjwa 12 waliopewa dawa inayoitwa dostarlimabu, inaingizwa kwenye mshipa kila baada ya wiki 3 kwa miezi 6. Wote 12 uvimbe ulipotea. Ukiingiza kamera ndani ya utumbo huuoni, kwenye MRI haupo, ukikata kinyama ukakipima hamna kitu. Mwaka 2025 wakaleta matokeo ya wagonjwa 49 wa aina hiyo hiyo, na wote 49 uvimbe ukapotea. Katika kazi hii asilimia 100 ni nadra sana, kwa hiyo siwalaumu waliopagawa.

Sasa tusome maandishi madogo. Wagonjwa hao walikuwa na saratani ya rektamu, ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, hatua ya pili au ya tatu, haijasambaa mbali. Na uvimbe wa kila mmoja wao ulikuwa na hitilafu ya MMR. Hizi ni protini zinazofanya kazi kama mhariri wa gazeti: seli inaponakili vinasaba vyake makosa hutokea, zenyewe zinapita nyuma zinasahihisha. Zikikosekana, makosa yanarundikana kwa maelfu, seli inakuwa ya ajabu ajabu kiasi kwamba kinga ya mwili, ikifunguliwa breki, inaishtukia mara moja. Dostarlimabu kazi yake ni kufungua hiyo breki. Kwenye saratani ya utumbo mpana kwa ujumla wenye hitilafu hii ni kama 15 katika kila 100. Kwenye rektamu ni wachache zaidi, na kwa wale ambao ugonjwa umeshasambaa ni kama 5. Waliobaki, dawa hii peke yake karibu haiwafanyii kitu.

Hilo la "ni wachache" wengi wameshalisema. Mimi nataka mtazame upande mwingine: wale 49 waliepuka nini? Tiba iliyozoeleka ya rektamu ni tibakemikali (kemo), mionzi, halafu kisu. Kuna wanaobaki na mfuko wa choo tumboni maisha yao yote, kuna wanaopoteza uwezo wa kuzaa, kuna ambao tendo la ndoa linakuwa historia. Hawa hawakukatwa wala hawakupigwa mionzi. Na ukipitia tafiti kubwa za ugonjwa huu za miaka ya karibuni utakuta swali hilo hilo linajirudia: nani anaweza kupunguziwa nini bila kuhatarisha maisha yake? Nani asikatwe, nani asipewe kemo, nani apewe nusu, nani aanze na kipimo chepesi badala ya kamera. Mitandaoni watu wanasubiri dawa mpya. Kwenye majaribio muda mwingi unatumika kutafuta cha kuondoa.

Nitashuka taratibu. Maswali yanaruhusiwa.

#2 Bundi

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mpita Njia

Mkuu, swali langu ni moja tu. Kama tafiti ni nyingi hivyo, mbona Pelé kaondoka na ugonjwa huu huu? Mbona yule mwigizaji Chadwick Boseman kaondoka akiwa kijana? Hela wanazo, madaktari bora wanao.

#4 Kalamu Nyekundu

@Mpita Njia, jibu liko kwenye neno "hatua". Boseman aligundulika 2016 akiwa tayari hatua ya tatu, yaani saratani imeshaingia kwenye tezi za limfu zilizo karibu na utumbo. Akafariki Agosti 2020 ana miaka 43. Pelé uvimbe wake ulionekana 2021 kwenye vipimo vya kawaida akiwa na miaka 80, akafariki Desemba 2022.

Saratani ikikamatwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, watu zaidi ya 90 katika 100 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Ikishatua kwenye ini au mapafu wanabaki kama 15. Hela inanunua vitu vingi ila tarehe ya kugundulika hairudishi nyuma.

Na ugonjwa huu una huruma moja ambayo saratani nyingi hazina: unachelewa. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein waliandika maelezo ambayo hadi leo ndiyo yanafundishwa. Kinyama kidogo kinaota kwenye ukuta wa utumbo, jeni moja inaharibika, APC mara nyingi, kisha KRAS, kisha TP53, na kila hatua inachukua miaka. Kwa wengi safari nzima kutoka kinyama hadi saratani ni kama miaka 10. Muda wote huo kinyama kipo pale pale, hakiumi, na mtu mwenye kamera na kitanzi cha waya anaweza kukikata siku hiyo hiyo.

Kuhusu vijana: ni kweli wanaongezeka katika nchi nyingi, na Marekani mwaka 2021 jopo lao la wataalamu wa kuzuia magonjwa lilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45. Sababu bado inafukuzwa. Mwaka 2025 kulitoka uchambuzi wa vinasaba vya uvimbe wa wagonjwa 981 kutoka nchi 11, ukaonyesha kwamba alama za kolibaktini, sumu inayotolewa na baadhi ya bakteria wa tumboni, zilikuwa mara 3.3 zaidi kwa waliougua chini ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70. Inaonekana mwili unapigwa chapa hiyo mapema, pengine utotoni. Huo ni ushahidi wa kwamba vitu viwili vinatembea pamoja, kwa hiyo usikimbilie kununua dawa ya kuua bakteria.

#5 Nesi wa Zamu

Naomba kuchangia hapa maana chumba cha kamera ndiko ninakofanyia kazi.

Kinachoogopwa na watu ni kamera. Wakishapita wananiambia kazi ilikuwa usiku wa kabla yake. Unakunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, lita kadhaa, chumvichumvi, imejificha kwenye ladha ya limau isiyomdanganya mtu. Nusu jioni, nusu alfajiri. Watu wengi wanaiacha ile ya alfajiri kwa kuona "tumbo limeshaisha". Halijaisha! Sisi tunachotaka ni unachokitoa mwisho kiwe maji ya njano unayoweza kuona chini ya sinki, kama mkojo. Ikibaki rangi ya chai ya maziwa, upande wa kulia wa utumbo unakuwa na utando, na huko ndiko vinyama bapa vinakolala. Daktari anapita juu yake haoni.

Halafu kuna suala la daktari mwenyewe. Kuna kipimo tunakiita kiwango cha kuona vinyama: katika watu 100 aliowachunguza, wangapi kawakuta na angalau kinyama kimoja cha aina ya adenoma, yaani kile kinachoweza kugeuka saratani. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulikuta kwamba kila asilimia 1 anayopanda daktari kwenye kiwango hicho, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye inashuka kwa asilimia 3. Kwa hiyo uliza aliyeshika kamera ni nani, na anachukua muda gani kuitoa. Kuvinjari kunafanyika wakati wa kuitoa, wakati wa kuingiza anatafuta njia tu.

Siku hizi kuna kompyuta inayochora kisanduku cha kijani kwenye skrini ikihisi kinyama. Inasaidia. Lakini Poland wametoa utafiti 2025 umetuchekesha na kututisha: madaktari waliozoea kisanduku, wakiondolewa, kiwango chao cha kuona kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Macho yamezoea kuonyeshwa.

#6 Jiwe Gumu

Samahani nesi, na mleta uzi pia. Mimi nimesoma kwamba kulifanyika utafiti mkubwa Ulaya na kamera HAIJAPUNGUZA vifo. Mbona hamuusemi? Au ni kwa sababu kuna watu wanakula kupitia hizo mashine?

#7 Kalamu Nyekundu

@Jiwe Gumu, nilikuwa naelekea huko, umenipunguzia kazi.

Unauzungumzia NordICC, uliotoka Oktoba 2022. Watu karibu 85,000 wa miaka 55 hadi 64 kutoka Poland, Norway na Sweden. Kompyuta iliwagawa kwa kura: 28,220 wakatumiwa barua ya kualikwa kwenye kamera, waliobaki hawakuambiwa kitu wakaendelea na maisha yao. Baada ya miaka 10, hatari ya kupata saratani ya utumbo ilikuwa asilimia 0.98 kwa walioalikwa na 1.20 kwa wengine. Vifo ni asilimia 0.28 kwa 0.31, tofauti ndogo ambayo kitakwimu huwezi kuitofautisha na bahati tu.

Sasa angalia neno nililotumia. WALIOALIKWA. Katika kila 100 walioalikwa ni 42 tu waliokwenda. Wengine 58 walipata barua, wakaiweka juu ya kabati. Na wote wanahesabiwa pamoja. Kwa nini? Kwa sababu ukiwatenga waliokwenda ukawalinganisha na wasiokwenda, umelinganisha watu wawili tofauti: anayeitikia barua ya namna hiyo mara nyingi pia havuti sigara, anatembea, anakwenda kliniki mapema. Kura uliyopiga unakuwa umeivunja kwa mkono wako. Watafiti walikadiria kwa hesabu nyingine kwamba wote wangekwenda, hatari ya saratani ingeshuka kutoka 1.22 hadi 0.84. Hayo ni makadirio, hayana uzito wa matokeo yenyewe, ila ndiyo picha ya mtu binafsi anayejiuliza "nikienda mimi itakuwaje". Namba ya kwanza ni ya waziri wa afya, hii ya pili ni yako. Na miaka 10 kwa vifo vya ugonjwa unaochelewa hivi ni michache, ufuatiliaji unaendelea.

Halafu uweke pembeni yake utafiti wa Hispania, COLONPREV, matokeo yake ya mwisho yalitoka 2025. Walioalikwa ni 57,404. Nusu kamera mara moja, nusu kipimo cha choo kila baada ya miaka 2. Kipimo hicho, FIT, unachukua kijiti chenye mikunjo, unachoma choo chako sehemu kadhaa, unakirudisha kwenye kichupa, basi. Maabara inatafuta damu iliyojificha kwa kutumia kingamwili zinazoitambua damu ya binadamu peke yake, kwa hiyo hata kama umekula nyama haikuharibii jibu. Ukikutwa na damu, ndipo unapitia kamera.

Baada ya miaka 10 vifo vya saratani ya utumbo vilikuwa asilimia 0.22 kwa kundi la kamera na 0.24 kwa kundi la choo. Kijiti kimekwenda sare na mashine. Siri ni nini? Kwenye kamera waliitikia asilimia 31.8, kwenye kijiti 39.9. Kamera ni kipimo bora kuliko kijiti, hilo halina ubishi, ila kipimo bora kinachokimbiwa kinapoteza ubora wake njiani. Ndiyo kitu nilichokuwa nasema kwenye #1 kuhusu kupunguza.

Kuhusu watu kula kupitia mashine: wapo. Ndiyo maana napenda tafiti ambazo matokeo yake yanawaudhi wenye mashine, na hizi mbili zimewaudhi.

#8 Bundi

Vipi kipimo cha damu? Nasikia sasa unatoa damu mkononi tu, choo hukigusi.

#9 Kalamu Nyekundu

Kipo. Kinatafuta vipande vya vinasaba vya saratani vinavyoelea kwenye damu. Mwaka 2024 matokeo yake yalichapishwa, na Marekani wakakiidhinisha Julai ya mwaka huo. Kati ya waliokuwa na saratani kilikamata asilimia 83. Inapendeza, eti? Sasa kwa wale waliokuwa na vinyama vya hatari ambavyo havijawa saratani kilikamata 13. Vinyama ndivyo tunavyotaka kuvikata kabla havijageuka, na hapo kipimo kinapitwa hata na kijiti cha choo. Kwa mtu ambaye vingine vyote amevikataa katakata, ni afadhali hicho kuliko sifuri. Kwa mwingine yeyote mimi siwezi kukitanguliza.

Na hili mlisome polepole: vipimo vyote hivi ni kwa mtu ambaye HANA dalili. Ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika mwenendo kwa wiki kadhaa, unapungua uzito bila sababu, au umeambiwa una upungufu wa damu na hakuna aliyekueleza unatoka wapi, wewe si wa kijiti tena. Wewe ni wa daktari.

#10 Mama Wawili

Hapo kwenye damu umenigusa. Mume wangu alitibiwa bawasiri kwa karibu mwaka mzima kwenye zahanati moja, kila akirudi anapewa mafuta ya kupaka. Hakuna aliyevaa glovu akampima kwa kidole. Alipopelekwa kwingine ikakutwa hatua ya tatu.

Alikatwa, akapewa kemo miezi 6. Mungu mkubwa yuko hai na vipimo ni safi. Ila ile dawa imemwachia mikono. Wakati wa tiba hakuweza kushika kitu kilichotoka kwenye friji, anasema ni kama kushika waya wa umeme. Maji baridi yakimpita kooni anahisi koo linajifunga. Tiba imeisha zamani, lakini mpaka leo vifungo vya shati namfunga mimi. Sarafu akiingiza mkono mfukoni hajui ameshika ipi mpaka aitazame.

Swali langu linaweza kuwa la kijinga. Ilikuwa lazima miezi 6?

#11 Kalamu Nyekundu

Dada, swali lako si la kijinga hata kidogo. Watafiti wa nchi 12 waliliuliza kwa pamoja.

Dawa iliyomwachia mikono ni oksaliplatini, karibu nina uhakika kwa hizo dalili za baridi. Iliingia kwenye tiba ya baada ya upasuaji kupitia utafiti wa MOSAIC wa 2004: wagonjwa 2,246, na walioongezewa oksaliplatini asilimia 78.2 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 72.9 kwa wasioongezewa. Faida ya kweli. Miezi 6 ikawa kawaida, na ganzi ikachukuliwa kuwa ndiyo gharama yake.

Baadaye wakaunganisha majaribio 6 kwa jina la IDEA, wagonjwa 12,834 wa hatua ya tatu, nusu miezi 3, nusu miezi 6. Yakatoka 2018. Waliofika miaka 3 bila ugonjwa kurudi: 74.6 kwa miezi 3, 75.5 kwa miezi 6. Ganzi ya kusumbua iliwapata kama 45 katika 100 kwenye miezi 6, na chini ya 20 kwenye miezi 3.

Hapa pana jambo la kitaalamu ambalo magazeti yaliliruka. Kabla ya kuanza walikuwa wamejiwekea mstari: hasara ikizidi kiasi fulani hatuwezi kusema miezi 3 inatosha. Kwa wote kwa pamoja mstari huo ulivukwa kidogo, kwa hiyo rasmi IDEA haikuthibitisha. Lakini walipotenganisha, wenye hatari ndogo, tezi 1 hadi 3 tu zimeshikwa na uvimbe haujatoboa ukuta, hasa wale waliotumia oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini, miezi 3 iliwatosha. Wenye hatari kubwa, kwa mseto ule mwingine wa dripu, miezi 6 bado ilikuwa na kitu cha ziada. Mume wako alikuwa kundi gani siwezi kujua kutoka hapa. Yuko hai na vipimo ni safi, na waliompa miezi 6 walikuwa na sababu.

Kwa hatua ya pili wamekwenda mbali zaidi. Australia walifanya DYNAMIC, ulitoka 2022, wagonjwa 455. Baada ya upasuaji kundi moja liliamuliwa kwa njia ya kawaida, jingine kwa damu: vipande vya saratani vikionekana kwenye damu wiki ya 4 au ya 7, unapewa kemo, visipoonekana, nenda nyumbani. Kundi la damu waliopewa kemo ni asilimia 15, la kawaida 28. Waliofika miaka 2 bila ugonjwa kurudi ni 93.5 kwa 92.4. Karibu nusu ya kemo imefutwa na hakuna kilichoharibika. Wakajaribu mtindo huo huo hatua ya tatu, na huko hawakuweza kuthibitisha kwamba kupunguza ni salama kiasi hicho. Msije mkachukua la hatua ya pili mkalivisha hatua ya tatu.

#12 Jiwe Gumu

Kinachonikera ni hiyo "kura". Mtu ana saratani, wewe unampigia kura apate dawa au asipate? Huo si uungwana. Watu wanafanywa panya wa maabara.

#13 Kalamu Nyekundu

Hoja yako ina historia nyuma yake, watu wamewahi kufanyiwa ukatili kwa jina la utafiti, na Tamko la Helsinki la 1964 halikuandikwa kwa kujifurahisha.

Lakini tazama IDEA. Kura ilikuwa kati ya miezi 3 na miezi 6. Niambie, kabla ya matokeo, mwenye bahati ni yupi? Wa miezi 6 ana dawa zaidi na ganzi zaidi. Wa miezi 3 ana mikono yake na hofu yake. Hakuna aliyejua, na kura ni halali pale tu ambapo kweli hakuna anayejua. Ukishajua, kura ni dhambi. Ndiyo maana kuna kamati huru inayochungulia namba katikati ya safari, ina mamlaka ya kusimamisha utafiti, na watafiti wenyewe hawaruhusiwi kuziona. Na kwenye saratani, ikiwa tiba inayojulikana kusaidia ipo, hupewi kidonge cha unga mtupu mahali pake. Unapewa ile tiba, na kipya kinaongezwa juu yake au kinashindanishwa nayo.

Kuna upande mwingine. Mwaka 2008 walirudi kwenye sampuli za jaribio la dawa ya setuksimabu wakapima jeni ya KRAS. Uvimbe wenye KRAS iliyobadilika, kama 40 katika 100, haukunufaika na dawa hiyo HATA KIDOGO. Kabla ya hapo walikuwa wakipewa, vipele uso mzima, kwa faida sifuri. Bila lile kundi la kulinganisha tungekuwa tunawapa hadi leo, na wewe ungekuja hapa kuuliza nani anakula.

#14 Nesi wa Zamu

Niongeze kidogo kwa @Jiwe Gumu. Fomu ya ridhaa si mkataba wa ndoa. Nimeona mgonjwa anajitoa katikati bila kutoa sababu, na tiba yake ya kawaida ikaendelea. Ukipewa fomu kurasa kumi ukaambiwa saini hapa haraka kuna foleni, usisaini. Ichukue ukaisome nyumbani na mtu wako.

#15 Mpita Njia

Wakuu, mimi nimesikia aspirini inazuia saratani ya utumbo. Kidonge rahisi tu. Nianze?

#16 Kalamu Nyekundu

Usianze kwa sababu ya uzi.

Ushahidi upo, lakini wa watu maalumu. ALASCCA, nchi za Skandinavia na Finland, 2025: walipima uvimbe uliokatwa, wakawachukua wale tu wenye mabadiliko kwenye njia ya jeni PIK3CA, ambao ni kama 37 katika 100. Aspirini miligramu 160 kwa siku, miaka 3, dhidi ya kidonge cha unga, kwa kuwa hapa hakukuwa na tiba ya kunyimwa. Kwenye kundi kuu ugonjwa ulirudi kwa asilimia 7.7 ya waliokunywa na 14.1 ya wasiokunywa. Wengine wanaochunguzwa kwa aspirini ni wenye ugonjwa wa Lynch, waliozaliwa na ile hitilafu ya MMR. Wewe mwenye afya yako unaweza kuishia na kidonda cha tumbo kinachovuja damu, halafu damu hiyo ikakupeleka kwenye kamera ambayo hukuihitaji.

Kama unataka kitu rahisi, chukua CHALLENGE, uliotoka Juni 2025. Wagonjwa 889 waliomaliza kemo. Nusu vijitabu vya afya, nusu mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3, kwa wengi ikawa kutembea kwa kasi dakika 45 hadi 60 mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka 8 walio hai ni asilimia 90.3 kwa mazoezi na 83.2 kwa vijitabu. Kuna dawa zenye matangazo makubwa ambazo hazijafika hapo. Utafiti huu ulianza kuandikisha watu 2009, na sishangai umechukua muda mrefu hivyo, maana kutembea hakuna kampuni inayokuuza. Walioumia misuli na viungo walikuwa wengi zaidi kundi la mazoezi, na hilo limeandikwa pia.

#17 Mama Wawili

Hiyo ya kutembea nimemsomea, amecheka, kasema atajaribu. Kaka, wiki ijayo tuna kliniki. Ukiwa wewe ungeuliza nini?

#18 Kalamu Nyekundu

Ningeanza na karatasi ya majibu ya uvimbe uliokatwa. Tezi ngapi zilihesabiwa (wanataka angalau 12, zikiwa pungufu hatua yenyewe ina mashaka) na ngapi zilikuwa na ugonjwa. Halafu: je, MMR ilipimwa?

Hili la MMR ni kwa ajili yake na kwa ajili ya watu wengine. Kwake, ikitokea ugonjwa umerudi na kusambaa, jibu hilo linabadilisha tiba yote: kwenye utafiti wa KEYNOTE-177 nusu ya wagonjwa wa namna hiyo waliopewa pembrolizumabu, nayo ni dawa ya kufungua breki ya kinga, walikaa miezi 16.5 au zaidi bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 8.2 kwa kemo. Uholanzi wamefika pa kutoa dawa za kundi hilo KABLA ya upasuaji, wiki 4 tu, na wagonjwa 68 katika 100 uvimbe ulipokatwa haukuwa na seli hai hata moja. Kwa wengine: MMR ikikosekana na ikathibitika amezaliwa hivyo, kaka zake, dada zake na hao wawili wako wanatakiwa kupimwa, na kamera yao inaanza mapema sana kuliko ya watu wengine.

#19 Mama Wawili

Sijawahi kusikia neno hilo MMR. Na upasuaji ulishapita zamani, si uvimbe umeshatupwa?

#20 Nesi wa Zamu

Haujatupwa dada. Maabara ya patholojia wanachukua vipande, wanavigandisha kwenye nta, kibao kidogo hivi (wanakiita block) unaweza kukishika kwa vidole viwili, na kina namba. Vinakaa kabatini miaka mingi. Kipimo cha MMR kinafanyika kwenye kibao hicho hicho, wanakata utando mwembamba wanaupaka rangi, mume wako hachomwi hata sindano. Chukua ile karatasi ya majibu, juu kabisa kuna namba ya sampuli. Ukifika kliniki usiseme "nataka kipimo", sema "naomba block namba fulani ipimwe MMR". Wakisema haipo, waambie waandike kwamba haipo.